Kamba ya Demani: Chombo Kidogo na Pepo Zisizotabirika katika Historia ya Unguja

Vitabu vinavyosimulia historia ya Unguja huanza, karibu vyote, na pepo mbili, kusi na kaskazi, na haviwezi kulaumiwa kwa hilo, kwa kuwa pepo hizo ndizo zilizowaleta wafanyabiashara wa Omani, wa Ghuba na wa Bara Hindi mbele ya Mji Mkongwe, na ndizo zilizowarudisha makwao kwa karne nyingi. Ila masimulizi hayo humwachia msomaji sura ya bahari yenye adabu, inayovuma upande mmoja sehemu ya mwaka na upande wa pili sehemu iliyobaki, kana kwamba nahodha hakuwa na kazi ila kutweka tanga na kungoja kufika. Bahari hiyo ni ya majahazi. Mvuvi wa Mkokotoni au mchukuzi wa makuti wa Fumba, ambaye chombo chake hakikuzidi sana urefu wa mita 6 au 7, aliishi na pepo za namna nyingine, za vipande na za ghafla, zinazogeuka kabla kamba haijashikwa vizuri, na ambazo hakuna kalenda iliyowahi kuzipa tarehe. Umbo la ngalawa, namna tanga lake linavyoendeshwa, na sehemu kubwa ya msamiati wa ubaharia wa Kiswahili vimefinyangwa na pepo hizo ndogo zaidi kuliko na zile kubwa zilizopata sifa.

Kusi hutoka kusini-mashariki. Huanza kushika mwezi wa Aprili, hukaza Juni na Julai, kisha hulegea Agosti inapokwisha. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, hukaa sawasawa kuanzia Desemba, na hufifia Machi. Chanzo cha zote mbili ni tofauti ya joto baina ya bara la Asia na bahari iliyo kusini yake, na kwa kuwa chanzo hicho ni kikubwa mno, pepo zenyewe huweza kuchelewa kwa siku kadhaa lakini hazikosi kuja. Lugha imezihifadhi kwa heshima: kaskazini na kusini, majina ya pande mbili za dira, yametokana na majina ya pepo, wakati mashariki na magharibi yamechukuliwa kutoka Kiarabu kwa maana ya kuchomoza na kuchwa kwa jua. Rubani Ahmad bin Majid, aliyeandika kitabu chake kikubwa cha ubaharia mwishoni mwa karne ya 15, alipanga nyakati za safari kwa kuhesabu siku za Nairuzi, yaani mwaka wa jua wenye asili ya Uajemi, na hesabu ya jinsi hiyo ilikuwepo Unguja pia, ambako mwaka uligawanywa katika miongo, kila mwongo siku 10, na ambako kuanza kwake kunaadhimishwa hadi leo huko Makunduchi mwezi wa Julai katika sherehe za Mwaka Kogwa. Hata sheria iliandikwa kwa kufuata pepo hizo mbili: katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said, akisukumwa na Waingereza, alipiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari kuanzia Januari hadi Aprili, miezi ambayo vyombo vya Waarabu wa kaskazini vilikuwa bandarini vikingoja upepo wa kurudi. Marufuku hiyo iliwalenga wenye majahazi waliofungwa na msimu, ikawasahau wenye vyombo vidogo, ambao hawakuwa na haja ya kungoja msimu wowote ili kuvuka mkono wa bahari.

Baina ya pepo hizo mbili kuna nyakati ambazo bahari haina mwenyewe. Mabaharia huziita maleleji, yaani majira ya kubadilika kwa pepo, na pia tanga mbili, kwa sababu katika siku hizo vyombo viwili huweza kupishana kimoja kikienda juu na kingine kikishuka, kila kimoja kikiwa na upepo wake nyuma. Maleleji ya Machi na Aprili hukutana na mvua za masika, na yale ya Oktoba na Novemba hukutana na vuli, na mkutano huo ndio wenye hatari, kwa kuwa wingu la mvua likikomaa humwaga hewa baridi kwa kishindo hadi juu ya maji, na hewa hiyo husambaa pande zote mbele ya mvua yenyewe. Kwa mtu aliye katika shwari dakika moja kabla, mkupuo wa upepo wa namna hiyo huja kutoka upande ambao hakuutazamia, na hutangulizwa na dalili mbili tu za kuaminika: mstari mweusi wa maji yaliyokunjamana unaokaribia kwa kasi, na ubaridi wa ghafla usoni.

Kipindi cha kulegea kwa kusi, takriban kuanzia mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Novemba, kina jina lake maalumu, demani. Hapo ndipo Kiswahili cha pwani kinapomwekea mtafiti jambo la kufikirisha, kwa kuwa demani ni jina la kamba pia: ni ile kamba iliyofungwa kwenye pembe ya chini ya nyuma ya tanga, ambayo kwa kuivuta tanga hukaza na kwa kuilegeza tanga humwaga upepo. Upande wa chombo usiopigwa na upepo nao huitwa upande wa demani, na ule unaopigwa huitwa joshi, au goshi katika matamshi ya baadhi ya watu. Neno moja limebeba majira ambayo upepo haueleweki, kamba inayomwokoa mtu na upepo usioeleweka, na upande ambao chombo huinamia kinapopigwa na upepo huo. Kama maana hizo zina shina moja au zilikutana njiani ni kazi ya wanaisimu. Kwa historia ya ubaharia inatosha kwamba zilikaa pamoja katika kinywa cha mtu mmoja, na kwamba hakuona haja ya kuzitenganisha.

Jiografia ya Unguja yenyewe huongeza ugumu. Kisiwa kina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka Nungwi hadi Makunduchi, na Mji Mkongwe umekaa upande wa magharibi, ukitazamana na bara ng'ambo ya mkono wa bahari ambao mahali pembamba hauzidi sana kilomita 35. Kila mwandishi aliyesifu bandari hiyo katika karne ya 19 alisifu kinga yake, na ni kweli kwamba kisiwa kizima kinasimama kati ya gati na bahari kuu, kusi na kaskazi zote mbili zikilazimika kupita juu ya nchi kavu kabla ya kufika Malindi au Shangani. Lakini upepo unaopita juu ya nchi haubaki kama ulivyoingia. Minazi, mashamba ya mikarafuu, kilima cha Masingini na, mwisho kabisa, majumba ya ghorofa ya Mizingani huukatakata, ukashuka juu ya maji kwa vipande, penye nguvu hapa na penye shwari hatua chache mbele. Visiwa vidogo vya Changuu, Bawe na Chapwani hufanya vivyo hivyo kwa upepo unaotoka pande nyingine. Jahazi la tani 100 halijali sana mambo hayo, ila kwa ngalawa inayovuka kutoka Forodhani kwenda Changuu, bandari ile ile inayosifiwa kwa usalama ni mahali ambapo demani haiachwi mkononi hata mara moja.

Juu ya hayo kuna mzunguko wa kila siku. Alfajiri hewa huteremka kutoka nchi kavu kwenda baharini, na upepo huo huitwa umande, kwa jina la unyevu wa asubuhi, ingawa kamusi nyingi huueleza kuwa ni upepo wa magharibi utokao bara. Jua linapopanda, matlai, upepo wa mashariki ambao jina lake linatokana na neno la Kiarabu la mawio, huweza kuchukua nafasi. Wavuvi wa dema, yaani mitego ya kusuka inayozamishwa kwenye miamba, walipanga kazi yao kwa kubadilishana huko: kutoka na upepo mmoja, kurudi na mwingine. Kupanga kwao kulitegemea pia maji, kwa kuwa wakati wa bamvua, yaani siku za mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka kwa takriban mita 4, na mkondo ukipingana na upepo hata upepo wa wastani huzaa mawimbi mafupi, yaliyosimama wima, ambayo humwaga maji mengi zaidi ndani ya chombo kidogo kuliko yanavyofanya mawimbi marefu ya bahari kuu. Siku za maji mafu, mkondo unapokuwa dhaifu, bahari hiyo hiyo hupitika kwa utulivu.

Vyombo vyenyewe vina historia ndefu kuliko mji. Mwongozo wa kibiashara ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, unaojulikana kama Periplus, unataja kisiwa cha Menouthias, ambacho wasomi wamekinasibisha mara na Unguja, mara na Pemba au Mafia, na unasema kwamba watu wake walikuwa na vyombo vya kushonwa na vya gogo moja, walivyovitumia kwa uvuvi na kukamata kasa. Chombo cha kushonwa kiliendelea kuwepo kwa jina la mtepe: mbao zake ziliunganishwa kwa kamba za makumbi ya nazi bila msumari, na tanga lake lilikuwa la mkeka, la pembe nne, likining'inia sawasawa mbele ya mlingoti. Tanga la namna hiyo ni zuri upepo unapotoka nyuma, na halifai upepo unapokuja kwa mbele, hivyo mtepe ulikuwa chombo cha subira, chenye kungoja majira yake. Ulitoweka baharini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Gogo moja liliendelea kwa jina la mtumbwi, na mtumbwi, ulipopewa mikono, ukawa ngalawa.

Mikono hiyo ndiyo kiini cha mambo. Ngalawa ni gogo lililochongwa kwa tezo, aghalabu la mwembe, jembamba kiasi kwamba lisingeweza kubeba tanga bila kupinduka. Juu yake hufungwa miti miwili ya kukatisha, iitwayo mirengu, na kwenye ncha zake, kulia na kushoto, hufungwa mbao mbili ziitwazo ndubi, zilizochongwa na kulalishwa mshazari kidogo. James Hornell, mtafiti Mwingereza aliyelinganisha mitumbwi ya aina hiyo katika Bahari ya Hindi yote, alionyesha katika maandishi yake ya 1919 na ya 1934 kwamba jamaa wa karibu wa ngalawa wako katika visiwa vya Indonesia, na historia ya Bukini, yaani Madagaska, iliyokaliwa na watu waliotoka huko katika milenia ya 1, inaipa hoja hiyo uzito. Huko Ngazija na visiwa jirani chombo hicho huitwa galawa. Wasomi wanatofautiana kuhusu wakati ambapo mikono hiyo ilifika Unguja na njia iliyopitia, lakini sababu ya kupokewa kwake si ngumu kuiona. Jahazi hukabili upepo kwa farumi, yaani uzito wa mawe au mchanga uliowekwa chini, na farumi humfanya mwenye chombo kidogo ahitaji watu wengi wa kukivuta pwani maji yanapokupwa. Ngalawa haihitaji farumi: ni nyepesi, watu wawili au watatu huisukuma juu ya mchanga, na uthabiti wake umo katika upana wa mikono yake.

Lakini ndubi si mapipa ya kuelea, na hapa ndipo wageni wengi wanapoielewa vibaya ngalawa. Ni mbao tu, na nguvu yake kubwa hutokana na mwendo, kwa kuwa ubao uliolala mshazari, ukikokotwa juu ya maji kwa kasi, huinuliwa na maji yenyewe. Ngalawa inayokwenda hupokea mkupuo wa upepo na kuugeuza kuwa kasi. Ngalawa iliyosimama katika shwari, ikipigwa na mkupuo huo huo, huzamisha ndubi ya upande wa demani kabla haijapata mwendo, na ndubi iliyozama haiinui tena, bali huwa breki inayokigeuza chombo na kuvunja mirengu. Kwa hiyo pepo kali za Julai, kwa mjuzi, si jambo la kuogopwa kama zile za maleleji, zinazokuja baada ya utulivu wa nusu saa, tanga likiwa limelegea na watu wamekaa ovyo.

Tanga la ngalawa, kama la jahazi, ni la pembetatu, limefungwa kwenye boriti ndefu iitwayo foromali, ambayo huinuliwa juu ya mlingoti kwa jarari, kamba inayopita katika gofia. Katika karne ya 19 mkeka wa zamani uliachia nafasi kitambaa cha pamba, hasa merikani, nguo ngumu isiyotiwa rangi iliyoletwa na wafanyabiashara wa Salem baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Omani na Unguja. Tanga hilo hupanda karibu na upepo kuliko lile la mtepe, na kwenda hivyo huitwa kwenda joshi, ila lina kasoro mbili ambazo hazina dawa isipokuwa wepesi wa mikono. Ya kwanza ni kwamba halina njia rahisi ya kupunguzwa: upepo ukizidi, mabaharia hulishusha na kutweka dogo zaidi, kama lipo na kama nafasi ipo. Ya pili ni kwamba ili kubadili upande, foromali lazima isimamishwe wima na tanga lipitishwe mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, kazi ambayo mabaharia huiita kukisi tanga, na katika muda huo mfupi chombo hakina mwenye kukiongoza. Upepo ukigeuka wenyewe na kupiga upande usiotakiwa, tanga hubandwa kwenye mlingoti, foromali haishuki hata jarari ikifunguliwa, na hakuna linalobaki ila kisu.

Upepo ukiongezeka kasi mara 2, nguvu yake juu ya tanga huongezeka mara 4. Hesabu hiyo haikuwahi kuandikwa ufukweni, lakini desturi za ngalawa zinaifuata kana kwamba iliandikwa. Demani haifungwi fundo. Huzungushwa mara moja na kushikwa kwa mkono, ili iachiliwe kabla ya fikra kumaliza kazi yake. Baharia mmoja hutoka na kukaa juu ya mrengu wa upande wa joshi, akisogea nje upepo unapokaza na kurudi ndani unapolegea, akiwa yeye mwenyewe ndiye farumi inayotembea. Mwenye kushika kana, mpini wa usukani, hukielekeza chombo kidogo kwenye upepo mkupuo unapofika, ili tanga lipigwe kwa ubavu mwembamba, na hukirudisha unapopita, hivyo njia ya ngalawa siku ya upepo wa vipande huwa ya kupindapinda hata pale inapokwenda mahali palipo mbele yake moja kwa moja. Wa tatu, kama yupo, hukumba maji kwa upo. Kwenda dhidi ya upepo kwa mapigo ya kushoto na kulia huitwa kubisha, neno lile lile la kukataa maneno ya mtu, na chombo kinachoyumba bila mpango huenda mrama. Watu wengi wanaosema leo kwamba shirika au serikali inakwenda mrama hawajawahi kuona chombo kikifanya hivyo, wala hilo si kosa lao.

Ugumu wa kubisha ulimfika msafiri Mwingereza Richard Burton mapema. Yeye na John Speke waliwasili Unguja Desemba 1856, wakati mji ukiomboleza Sayyid Said, aliyefariki baharini miezi michache kabla akiwa safarini kutoka Maskati, na mwanzoni mwa Januari 1857 waliondoka kwa chombo kidogo cha Kiarabu kwenda Mombasa kupitia Pemba. Ilikuwa katikati ya kaskazi, yaani walikwenda usoni mwa upepo, na safari isiyofika kilomita 250 kwa mstari iliwachukua hadi katikati ya mwezi. Kwa hesabu ya mwenye jahazi safari hiyo ilikuwa ya wakati usiofaa kabisa. Kwa hesabu ya mwenye chombo kidogo, anayejua kujibanza ndani ya miamba, kulala usiku nyuma ya kisiwa na kutumia umande wa alfajiri kabla kaskazi haijaamka, ilikuwa safari ya kawaida yenye kuchosha.

Ujuzi huo ulitumiwa pia kwa kazi isiyo na heshima. Baada ya mkataba wa Juni 1873 kufunga soko la watumwa la Mji Mkongwe na kukataza usafirishaji wao kwa bahari, magendo yalihamia kwenye vyombo vidogo, na Uingereza iliiweka bandarini manowari ya zamani, London, kuanzia 1874, ili boti zake zizunguke mikondo ya Unguja na Pemba. Kapteni George Sulivan, aliyeandika mwaka 1873 kitabu kuhusu doria zilizotangulia, alieleza jinsi vyombo vya wenyeji vilivyozishinda boti za manowari kwa mbio upepo ulipokuwa mzuri, na jinsi baadhi ya manahodha, walipoona watashikwa, walivyokielekeza chombo ufukweni ndani ya mawimbi, watumwa waliokuwamo wakazama. Historia ya ustadi wa baharini haipaswi kusimuliwa bila mambo hayo. Kapteni Charles Brownrigg wa London aliuawa Desemba 1881 karibu na Pemba akikagua chombo kilichopeperusha bendera ya Ufaransa, na wakati huo yeye mwenyewe alikuwa ndani ya boti ya mvuke, dalili kwamba wasimamizi wa bahari walikuwa wamekwisha kuchoka kushindana na upepo.

Tukio kubwa kuliko yote katika kumbukumbu za pepo za Unguja liliangukia maleleji. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilikipiga kisiwa, kikang'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi na kuvunja vyombo vilivyokuwa vimetia nanga mbele ya mji, zikiwemo meli za Sultani Barghash bin Said, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu tu katika kiti. Unguja iko nyuzi 6 kusini ya ikweta, mahali ambapo vimbunga hufika kwa nadra sana, kwa kuwa karibu na ikweta mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kutosha kuisokota hewa, na ndiyo maana hapakuwa na desturi yoyote ya kujikinga navyo. Pemba ilipona kwa kiasi kikubwa, na kuanzia hapo ikawa ndiyo mzalishaji mkuu wa karafuu, nafasi ambayo haijaiachia. Wanahistoria wa uchumi wameliandika tukio hilo kwa urefu kwa sababu ya karafuu, na kuhusu bandari wamehesabu meli za Sultani. Mitumbwi na ngalawa zilizopotea hazikuhesabiwa, kwa kuwa hazikuwa na bima wala daftari.

Baharia Mwaustralia Alan Villiers alipofika Unguja mwaka 1939 ndani ya jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, alikuta msimu wa majahazi bado u hai, na aliendelea nalo hadi delta ya Rufiji kupakia boriti za mikoko. Robo karne baadaye msimu huo ulikuwa umekauka: meli za mvuke zilikuwa zimechukua shehena, mafuta yalikuwa yamebadilisha uchumi wa Ghuba, na Mapinduzi ya Januari 1964 yalikata nyuzi nyingi zilizobaki kati ya mji na Arabuni. Linalostahili kuzingatiwa ni kwamba chombo kidogo hakikufa pamoja na kikubwa. Kusi na kaskazi zilipopoteza wateja wao, umande na matlai ziliendelea kuwa na wao, kwa sababu wavuvi wa Matemwe, Jambiani na Chwaka hawakuwa wakingoja mtu kutoka Maskati.

Injini imepunguza utegemezi wa upepo bila kuondoa hatari zake. Julai 18, 2012, kusi ikiwa imekaza, boti ya abiria MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam, na watu wengi walipoteza maisha. Mnara wa taa wa Chumbe, uliojengwa 1904 kuonyesha njia ya kuingilia bandarini, ulikuwa umbali mfupi kutoka hapo. Mamlaka ya Hali ya Hewa sasa hutangaza mapema upepo mkali na mawimbi, na utabiri wake wa msimu ni mzuri, lakini wingu moja la vuli linalokomaa juu ya mkono wa bahari kwa nusu saa na kutoweka bado ni la macho ya aliye chini yake.

Mwaka 2003 mafundi walijenga upya mtepe, wakauita Shungwaya, ukawekwa katika jumba la makumbusho la Beit al-Ajaib, ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Ngalawa haijahitaji kuwekwa ndani ya nyumba. Nungwi bado kuna mafundi wanaotia kalafati, yaani kuziba mianya kwa pamba na mafuta, na wanaochonga ndubi kwa jicho bila mchoro. Resi za ngalawa bado huwavuta watu ufukweni, na washindani, wanaoanza pamoja nyuma ya kinga ya majumba ya Mizingani, hutengana ghafla wanapofika nje, penye upepo kamili, wengine ndubi zikiwa zimepaa na wengine wakikumba maji. Matanga mengi siku hizi ni ya turubai au ya magunia ya plastiki yaliyounganishwa, merikani imesahauliwa, na gogo la mwembe lenye unene wa kutosha ni ghali na hupatikana kwa shida. Demani nayo ni ya nailoni, inateleza kuliko kamba ya makumbi na huchoma kiganja inapokimbia, hivyo baadhi ya mabaharia huishika kwa kitambaa; kuifunga, hawaifungi.